Nyasi za Kufukia

Izia, Sumbawanga
Jumamosi jioni

Deo mwanangu,

Habari za chandarua, za vidonge vya malaria na za maji ya kuchemsha tumekwisha kuzimaliza. Umenijibu "poa, mama" mara nyingi mpaka nikajua husikilizi. Sizirudii. Kesho asubuhi utapanda lori la Mzee Salum linaloteremka Muze kufuata mpunga. Utakaa juu ya magunia matupu pamoja na mjomba wako Faustini, na jioni utalala katika nyumba ambayo sijapata kuiona. Wiki ijayo utaanza kukata miti. Hilo la miti ndilo lililonikalisha hapa.

Sitakuomba ubaki. Niliomba, ukakataa, na jibu ulilonipa sijaweza kulijibu mpaka sasa. Tulikuwa jikoni, mimi nachambua maharage. Nilikuambia urudie mtihani wa kidato cha nne, nikakuambia hata ualimu si kazi ya kudharau. Ukasema udongo wa kijijini kwetu Kasense umekufa, mjini kazi hakuna, na mjomba amekutengea kipande bondeni ambacho hakijaguswa na jembe tangu dunia iumbwe. Nikasema kile si kipande, ni msitu. Ukacheka.

"Mama, si wewe unayesema mtu hufuata faida? Basi na mimi naifuata."

Hukusema kwa ubaya. Ulinitania kama unavyomtania mshikaji wako pale kituo cha mabasi. Niliinamisha kichwa nikaendelea kuchambua, na nadhani siku ile maharage mazuri niliyatupa pamoja na mabovu.

Hujui maneno hayo yalikotoka. Umeyasikia tu yakizunguka nyumbani, ukadhani ni msemo wa mama. Nataka uyasikie kwangu kabla mjomba wako hajakusimulia, kwa sababu akianza kusimulia atakuwa na haki ya kunisema vibaya.

Ulipozaliwa nilikuwa na miaka kumi na minane, nimetoka kumaliza kidato cha nne. Nilikuachia bibi yako Kasense ukiwa hujaanza kutambaa vizuri, nikaenda chuo cha kilimo, na baadaye nikaenda tena kusoma uchumi. Watu watakuambia nilikuacha kwa ajili ya shule. Ni kweli. Nilikuwa nikirudi likizo unajificha nyuma ya sketi ya bibi, na yeye anakusukuma mbele, "Msalimie mama yako, haumi."

Bibi uliyemjua wewe alikuwa mzee wa kukaa juani. Mimi nilimjua mwingine. Nikiwa mdogo, mbolea ya mifuko haijafika kwetu, yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa vilima. Mwezi wa tatu, mvua zikianza kuchoka na nyasi zimefika mabegani, watu walikuwa wakikata udongo pamoja na nyasi zake, wanaugeuza nyasi ziangalie ndani, wanapanga bonge juu ya bonge mpaka kilima kinafika magotini. Kwa Kifipa tulikiita intumba. Juu yake tulipanda maharage. Ndani, nyasi zilioza polepole kiangazi chote. Mvua za Novemba zikifika tulikibomoa na kuusambaza ule udongo, mweusi, una harufu kama ya uyoga, tukapanda ulezi. Shamba likichoka liliachwa likalala, nyasi zikarudi, na kazi ikaanza upya.

Ilikuwa kazi ya kuvunja mgongo. Hakuna aliyeiweza peke yake. Mwenye shamba alipika pombe ya ulezi, majirani wakaja na majembe. Bibi yako alipita nyuma ya wanaume akivipiga vilima vyao teke.

"Hiki umekijenga au umekitapika?"

"Mama Skola, pombe yako nayo ni maji matupu, ungetegemea nini?"

"Jenga kwanza. Utakunywa ukishanifurahisha."

Halafu mbolea ikaja. Ililetwa na malori ya ushirika, serikali imelipa sehemu kubwa ya bei, na mahindi yetu yalinunuliwa kwa bei ileile waliyopata watu waliokaa karibu na bandari. Watu waliacha vilima. Ukisikia mtu anasema waliviacha kwa ujinga, usimwamini, waliviacha kwa sababu migongo iliuma. Punje nyeupe kiganjani, kwenye kila shina, basi, mahindi yanakuja. Wakalima shamba lilelile kila mwaka bila kulilaza. Bibi akaezeka bati. Mimi nikavaa viatu vya sekondari. Viatu hivyo vilitoka kwenye mbolea ile, na hili nalo nililisahau nilipokuja kuandika.

Nilirudi Sumbawanga na shahada yangu wakati kila kitu kinafunguliwa. Watu walisema sasa ni ruksa: ruksa kuuza, ruksa kununua, ruksa kupandisha bei. Nilipewa meza katika ofisi ya mipango. Nilikuwa na miaka ishirini na minane na niliamini bei, Deo, kama wengine wanavyoamini rozari. Nilikuwa nimeuona udongo wetu ukiingia uchachu kwa kumwagiwa mbolea ya chumvichumvi mwaka hadi mwaka. Nilikuwa nimeviona vijito vikiota ukijani. Nikajiambia kwamba ruzuku ndiyo inayotuua: mbolea ni rahisi mno, kwa hiyo mtu anaimwaga. Iondoe ruzuku, mbolea itakuwa ghali, mkulima atakumbuka intumba. Serikali itaokoa fedha, udongo utapona, na majirani watarudi kulimiana. Dawa moja, magonjwa matatu. Sikulala kwa furaha.

Kabla ya kuandika nilikwenda Kasense kumwuliza bibi yako. Nilijivunia kwamba mimi si kama wataalamu wengine, mimi nauliza. Tulikuwa shambani kwake, mahindi yamevunwa, mabua yamelala.

"Mama, mbolea ikipanda bei, si mtarudi kwenye intumba?"

"Tutafukia nini?"

"Nyasi."

"Zipi? Nionyeshe."

Nikatazama. Mabua, mabua mpaka shamba la jirani, na baada ya jirani mabua tena.

"Nyasi zinataka shamba lilale miaka mitatu, minne," akasema. "Likilala, tutakula usingizi wake? Na wa kujenga ni nani? Vijana wako mjini wanauza betri za redio."

Wewe ulikuwa pale, umeketi juu ya mpini wa jembe. Ulikuwa na miaka kumi. Ukauliza, "Bibi, intumba ni mnyama gani?"

Tulicheka mpaka bibi akashika kiuno. Niliyaandika yote kwenye daftari langu, hata swali lako. Usiku ule, nikiwa napanga kurasa za ripoti, niliyatoa.

Nilijipa sababu. Kwamba ni maneno ya mwanamke mmoja tu. Kwamba ni mama yangu, watasema naleta mambo ya nyumbani. Kwamba kurasa zilikuwa chache. Lakini nilijua jioni ileile, kama ninavyojua sasa, kwamba niliyatoa kwa sababu yaliharibu hoja yangu, na hoja yangu niliipenda. Badala yake nikaandika kwamba mtu hufuata faida, na kwamba mbolea ikiwa ghali mkulima wa Ufipa atairudia njia yake ya asili. Ni sentensi fupi. Nilihangaika nayo muda mrefu ili iwe fupi.

Ukafanyika mkutano Kasense. Mgeni kutoka wizarani alisimama mbele ya ghala akaeleza kwamba mzigo wa ruzuku ni mkubwa na taifa limeelemewa. Watu wakanung'unika. Akainua mkono, akasema hana haja ya kuwafundisha, kwani binti yao wenyewe, msomi aliyezaliwa hapohapo, amekwisha kueleza kwamba Wafipa wana ujuzi wa babu zao. Akasoma sentensi yangu. Baadhi wakapiga makofi, kwa sababu nilikuwa mtoto wa pale na jina langu limetajwa na mgeni.

Bibi yako alikuwa ameketi chini na wanawake wenzake. Hakunitazama. Nyumbani aliniwekea maji ya kunawa, akasema, "Umesoma vizuri."

"Si mimi niliyesoma, mama. Ni yule mgeni."

"Nasema huko shuleni. Umesoma vizuri. Umejifunza kumsikiliza mtu na kumnyamazisha kwa wakati mmoja."

Halafu akaniuliza kama nitakula ugali wa ulezi au wa mahindi.

Najua utakalosema, kwamba ruzuku ingeondolewa hata kama nisingeandika. Ingeondolewa. Ilikwisha kuamuliwa mbali sana na Kasense, na watu ambao hawajui Kasense ni wapi. Sijipi ukubwa ambao sikuwa nao. Lakini pale mbele ya ghala palikuwa na mtu mmoja ambaye angeweza kusema "nyasi hazipo," na mtu huyo alikuwa amekaa kwenye kiti, ameshika kalamu.

Unakumbuka yaliyofuata, ingawa ulikuwa mtoto. Mbolea ikaanza kuuzwa madukani mjini kwa kopo, kama sukari. Bibi alinunua kopo moja akalinyunyiza kwenye mistari iliyo karibu na nyumba, ili wageni waone mahindi mazuri. Msimu wa pili mahindi yalitoka na vibunzi vya kuchezea watoto. Na watu wakafuata faida, sawasawa na nilivyoandika. Ila faida haikuwa kwenye intumba. Ilikuwa msituni. Ardhi ya msitu ukiichoma haitaki mbolea, majivu yanatosha miaka michache. Wakaanza na miteremko, wakaiangusha miti kama mtu anavyonyoa kichwa kutoka kisogoni. Wakapanda, wakashuka, mpaka wakafika ukingo wa nyanda na kuanza kuteremka bondeni.

Faustini alikuwa miongoni mwa wa kwanza. Alikuja kuniaga hapa Izia akiwa amebeba godoro kichwani.

"Dada, nahama."

"Unakwenda kukata msitu, Fausti."

"Nakwenda kula. Andika na hilo."

Hajaniambia neno kali zaidi ya hilo mpaka leo. Ningependa angeniambia.

Ungedhani hapo nilinyamaza. Sikunyamaza, na hili ndilo linaloniaibisha zaidi, kwa sababu kosa la kwanza lilikuwa la kijana na la pili lilikuwa la mtu aliyekwisha kuonywa. Nilipoona miti inakwisha, nilishika tena dawa yangu ileile. Nikapendekeza ushuru wa kuni na mkaa. Kinacholipiwa, niliandika, hakipotezwi ovyo. Kikawekwa kizuizi barabarani, mgambo mmoja na kitabu cha stakabadhi, na siku ya kwanza nilikwenda kuangalia.

La kwanza kufika lilikuwa lori la mkaa. Dereva alionyesha karatasi yenye mhuri, kizuizi kikainuliwa. Nyuma yake akaja mwanamke na mzigo wa kuni kichwani, na nilipomtambua nilikuwa nimechelewa kugeuka. Alikuwa Mama Oliva, jirani wa bibi yako, aliyenibeba mgongoni nikiwa na surua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Bibi Mipango. Habari za ofisini?" Akasimama na mzigo wake, hakuutua. "Kijana wako ananiambia nilipie kuni. Nimemwuliza, na moshi je? Maana jikoni kwangu unatoka mwingi, msije mkanidai kwa nyuma."

Mgambo akacheka. Wanawake waliokuwa wakija nyuma wakacheka. Mimi nilitoa pochi nimlipie, naye akaniangalia kwa huruma, Deo, kweli kwa huruma, akageuka na mzigo wake akarudi alikotoka.

Sikuelewa wanawake wale wamefanya nini mpaka miezi kadhaa baadaye, nilipokwenda Kasense na kupewa mboga za majani. Wiki iliyofuata mboga tena. Nikamwuliza bibi maharage yako wapi. Akasema maharage yanataka moto wa nusu siku, nani ana kuni za kuchezea hivyo? Kijiji kizima kilikuwa kimeacha kupika maharage. Walikuwa wanayauza mabichi kwa wafanyabiashara wa mjini, wanakula majani. Malori ya mkaa yaliendelea kupita na karatasi zao. Bibi yako alikufa mwaka uliofuata. Sisemi alikufa kwa hilo. Alikuwa mzee, kifua kilimsumbua. Nasema tu kwamba mwanamke aliyelima maharage maisha yake yote alikaa mwaka wake wa mwisho bila kuyala, na sababu ilikuwa na sahihi yangu. Hapo, ulipokuja kukaa nami, ndipo nilipoanza kuyapika hapa nyumbani kila wiki. Ulikuwa ukilalamika, "Mama, maharage tena?" Sikuwa na namna ya kukueleza.

Kuna jambo jingine hulijui. Baada ya mazishi nilikwenda shambani kwake peke yangu, Jumamosi kadhaa za mwezi wa tatu. Nilikuaga kwamba nina mikutano. Nilijenga vilima. Nyasi zilikuwa chache, fupi, zile zinazoota pembeni mwa njia, nikazikusanya kwa mikono na kuzigeuzia ndani kama nilivyofundishwa. Viganja vilichubuka, ulipouliza nikasema ni maji ya moto. Novemba nikarudi, nikakibomoa cha kwanza. Nyasi zilikuwa kavu, za njano, zimekunjamana vilevile nilivyoziweka. Udongo haukuwa na nguvu hata ya kuozesha. Nikakibomoa cha pili. Sikuvigusa vilivyobaki. Viko pale mpaka leo, mvua zimevipunguza, ukipita njiani utadhani ni makaburi ya watoto.

Kwa hiyo ukisema udongo wa Kasense umekufa sina ubishi. Hata ruzuku wakiirudisha kesho, hakuna lori linaloweza kuleta nyasi. Nilidhani sera ni kama mlango: ukiufunga huku, watu watapitia kule. Nilisahau kuangalia kama kule bado pana nyumba.

Bado naenda ofisini. Wiki hii nimeandika kurasa mbili za mapendekezo kuhusu bonde la Rukwa: mashamba yanavyoongezeka, mifugo ya Wasukuma inavyosukumwa, ugomvi unavyokuja. Safari hii sikuacha mtu nje. Nimeandika maneno ya wafugaji, ya akina Faustini, hata ya mwanamke mmoja aliyesema hana maoni ila kiu. Hoja haikutoka. Kila niliposhika upande mmoja, upande wa pili uliumia. Mkuu wangu amezirudisha, ameandika pembeni kwa wino mwekundu: "Unapendekeza nini hasa?" Sijui, Deo. Nina miaka thelathini na sita, nimesoma kuliko mtu yeyote wa ukoo wetu, na sijui.

Najua tu mambo yatakavyokuwa kwako, kwa sababu hilo ni rahisi. Mwaka wa kwanza mahindi yatakuzidi urefu, utaniandikia kwa majigambo. Mwaka wa nne au wa tano yatafupika. Sisi tulikuwa na bonde la kukimbilia. Ninyi mkitoka hapo, mbele yenu ni ziwa.

Nilitaka kukuomba kitu kimoja, na nilikuwa nimekwisha kukiandika: uache ukanda wa nyasi katikati ya shamba lako, usiulime, ili siku ya siku pawe na kitu cha kufukia. Nimekikata. Mwaka wa kwanza ungeuacha kwa ajili yangu. Mwaka wa pili ungekuwa umeoa, mke wako ana mimba, ungeulima, na ungeona haya kila unapopokea barua yangu. Sitaki uone haya kwa kula. Katika maisha yangu nimewawekea watu bei nyingi. Wewe sikuwekei.

Badala yake nimefanya hili. Shoka alilokuletea mjomba wako lilikuwa butu. Shoka butu huteleza kwenye mti mgumu na kurudi mguuni, na huko Muze zahanati iko mbali. Mchana wa leo ulipokwenda kuwaaga wenzako, nilikaa uani na jiwe la bibi yako la kunolea majembe, nikalimwagia maji, nikanoa mpaka jua likahamia ukuta wa pili. Jirani akachungulia juu ya ua, "Mama Deo, leo unakwenda kuchinja?" Nikamwambia namfungia mwanangu mizigo.

Liko nyuma ya mlango, nimelizungushia kipande cha khanga ya bibi. Asubuhi nitakukabidhi mbele ya Faustini. Usiseme kitu, na mimi sitasema kitu.

Nimelijaribu kwenye unywele. Linakata.

Mama yako,
Skolastika